Mtoto aliyefuata mapacha: tumwite Kiza, Chiza au tutafute jina lingine? Naomba ushauri

MamaBukuru_Kgm
Habari za humu jamvini. Tuko Kigoma mjini, mume ni Muha wa Kasulu, mimi kwetu Pangani. Wanetu wa kwanza ni mapacha, Bukuru na Butoyi. Sasa kaongezeka wa kike, na kwa upande wa baba hakuna mjadala: anayefuata mapacha ni Kiza. Upande wangu wamekataa katakata, wanasema mtoto haitwi giza. Shemeji naye kaja na lake, eti tuandike Chiza tuondoe utata. Jina bado halijaandikwa popote.

Naomba kujua mambo matatu. Kwa Waha na majirani zao jina hili lina maana gani hasa? Kuna mahali lina maana mbaya ambayo itamsumbua akienda kusoma au kufanya kazi? Na kwenye cheti liandikwe vipi? Wenye kujua tu jamani, wa kukisia wapumzike kidogo.

Mtu_wa_Heru
Hongera sana mama Bukuru, Mungu amkuze.

Kiza unaloambiwa na wakwe zako halina undugu na giza. Mzizi wake ni -iza, yaani -zuri, ukitanguliwa na ki-. Mrundi akisema "ikintu ciza" anasema kitu kizuri, na Mnyarwanda anaandika "cyiza" kwa maana hiyo hiyo. Hata majina ya wakubwa zake yameundwa kwa mizizi ya kawaida: Bukuru ana -kuru ndani yake, ukubwa, Butoyi ana -toyi, udogo. Anayetangulia kutoka ni Bukuru, wa pili Butoyi, basi.

Majina haya hayamwelezi mtoto tabia wala sura, yanataja nafasi yake katika uzao. Mtu akisikia Kiza anajua juu yake kuna mapacha, bila kuuliza. Ni desturi ile ile inayowapa Warundi akina Nyandwi kwa mtoto wa 7 na Minani kwa wa 8. Ndiyo maana babu yake hana mjadala: kwake yeye mtoto alishapata jina siku mapacha walipozaliwa. Na halichagui jinsia, wa kike na wa kiume wote ni Kiza.

Ujiji_Mwembeni
Mimi najua Kiza ni kifupi cha Mukiza, mwokozi. Nyimbo za kanisani za Kirundi zimejaa "Umukiza". Kwa hiyo ni jina la dini hilo.

Mtu_wa_Heru
Ujiji, hapo umeunganisha nyaya mbili tofauti. Umukiza anatokana na gukiza, kuponya au kuokoa, na mzizi wake ni -kira, kupona. Kiza wa baada ya mapacha ana -iza. Kwenye karatasi vinafanana kwa sababu hatuandiki toni wala urefu wa irabu, lakini mtu aliyekulia kwenye lugha hazichanganyi.

Na kama tunafuata herufi tupu, basi tufike mwisho: Kirundi kina "ikiza", nacho ni ugonjwa wa mlipuko, na Wanyarwanda huita maafa "ibiza". Uzuri, wokovu na janga, vyote ndani ya herufi nne. Hakuna Mrundi anayemwita mwanawe janga, wala hakuna anayemsikia Kiza akafikiria kipindupindu.

Ipuli_Tbr
Kwa faida ya mtoto akija kusoma huku Tabora: Mnyamwezi hatalitambua kama jina la mapacha. Kwetu na kwa Wasukuma mapacha ni Kulwa na Doto, Kulwa ndiye wa kwanza, na anayewafuata ni Shija. Kwa hiyo Kiza wa Kasulu na Shija wa Nzega wana cheo kimoja, herufi tu hazijuani. Huku akijitaja Kiza, wengi watasikia Kiswahili, yaani giza. Mwambieni ajue kujibu kwa sentensi moja: "Mimi ni Shija wa Kiha." Ataeleweka papo hapo.

Kulwa na Doto wana bahati, wameenea nchi nzima mpaka watu hawajui tena ni majina ya kabila gani. Kiza hajafika huko.

Kalamu_ya_Mpakani
Nimeulizwa juu ya kwingineko, ngoja nieleze kwa mpangilio wa mipaka.

Burundi ni Ciza. Tahajia ya Kirundi hutumia c peke yake kwa sauti ya "ch", kwa hiyo usiisome "siza". Rwanda ni Cyiza, ingawa kule mapacha wenyewe mara nyingi ni Gakuru na Gato. Uganda linabadilika kidogo: Waganda huandika Kizza, z mbili kwa sababu inakazwa, na kwao ndilo jina la anayefuata mapacha, wa kike au wa kiume. Mapacha wa Kiganda wa kiume ni Wasswa na Kato, wa kike Babirye na Nakato, na aliyewatangulia huitwa Kigongo. Bunyoro na Tooro ni Kiiza, i mbili. Mwanasiasa Kizza Besigye analibeba hadharani miaka yote na sijasikia mtu akimwita giza. Kwa hiyo kutoka Kasulu hadi Kampala binti yako yuko nyumbani. Kuanzia Ziwa Tanganyika hadi Ziwa Albert, watu watamuuliza habari za mapacha kabla hawajamuuliza habari zake.

Nje ya hapo ni sadfa za sauti tu, lakini umeuliza. Kijapani kina neno "kiza", linamaanisha mtu wa maringo, anayejishaua. Kituruki "kıza" ni "kwa msichana", ila i yao ile haina nukta na inatamkwa tofauti. Mhispania atasikia "quizá", labda. Malawi hakuna Kiza, lakini Kichewa kina "kuchiza", kutibu, kwa hiyo hata Chiza ya shemeji yako ina maana nzuri huko. Hakuna hata moja ya kumnyima usingizi.

Lugha pekee inayoleta shida ni Kiswahili chenyewe, na ndiyo lugha atakayoishi nayo. Hilo msilidharau.

Mwl_Gungu
Nizungumzie Chiza upande wa darasani. Shemeji yako ameikimbia "giza" akaangukia "chizi". Irabu moja tu ndiyo inayotenganisha Chiza na chizi, na watoto wa darasa la pili hawahitaji hata hiyo irabu. Kiza ataulizwa mara moja kama anaogopa taa, utani unaisha. Chizi haliishi, kwa sababu ni tusi lililo tayari mtaani.

Sisemi Chiza si jina. Kuna familia za Kigoma zinaliandika hivyo tangu zamani, na nchi imewahi kuwa na Waziri wa Kilimo, Christopher Chiza, mbunge wa Buyungu. Kama babu mzaa baba angekuwa Chiza kwenye vyeti vyake ningesema fuateni tahajia yake. Lakini kubuni Chiza leo ili kukwepa giza, mimi sioni faida.

Kiiza nayo iacheni. Itasahihishwa na kila karani kuwa Kiza, na hapo ndipo vyeti vinapoanza kutofautiana.

BintiMtang'ata
Mwanangu MamaBukuru, nami ni wa pwani ya kwenu. Wazee wako hawakosei Kiswahili. Kiza na giza ni neno moja, na kwetu "kiza kimeingia" husemwa kila jioni. Kwa hiyo usiende kuwaambia hawajui lugha, utaharibu. Waambie jina si la Kiswahili.

Kisha waulize kwa upole: kwenye ukoo wetu hakuna Shida? Hakuna Tabu, Mashaka, Sikujua? Pwani nzima ina bibi anayeitwa Tabu, na hakuna aliyesema jina lile limemletea tabu. Walipewa kwa tukio la siku ile, kama Juma alivyopewa kwa Ijumaa na Mwanaidi kwa Idi. Kiza naye kapewa kwa tukio: amefuata mapacha.

Kama hoja yao ni ya dini, ni hoja ya kweli na ina jibu. Mtume alimbadilisha jina mwanamke aliyeitwa Asiya, kwa maana ya mwasi, akamwita Jamila. Kilichoangaliwa ni maana katika lugha ya waliompa jina. (Hapa tena angalia jinsi sauti zinavyodanganya: Asia wetu wengi wa pwani wanatokana na jina la mke wa Firauni, ambalo kwa Kiarabu linaandikwa kwa herufi nyingine kabisa na halina uasi wowote. Na mtoto wa jirani asiyejua Kiarabu atadhani ni bara la Asia.)

Sasa sikiliza vizuri. Jamila ni mzuri. Mtu_wa_Heru kasema -iza ni -zuri. Wazee wako wakitaka jina la akika siku ya 7, wampe Jamila. Hawajapingana na wakwe zako hata kidogo, wamesema neno lile lile kwa Kiarabu.

Ujiji_Mwembeni
Hii ya Jamila imenyooka. Basi kwenye cheti aandikwe Jamila Kiza halafu jina la baba, kila upande upate lake.

Dirisha_la_Pili
Hapo ndipo watu wanapojifunga. Tafadhali msifanye hivyo kabla ya kusoma hili.

Fomu zetu nyingi zina visanduku vitatu: jina la kwanza, la kati, la mwisho. Mazoea ni jina la mtoto, la baba, la babu au ukoo. Ukiandika "Jamila Kiza" na jina la baba, msomaji wa fomu atachukua Kiza kuwa baba yake. Shuleni wataandika hivyo, kituo cha afya wataandika kwa njia nyingine, na kufikia usajili wa mtihani wa darasa la saba mtoto ana watu wawili kwenye makaratasi. Jina la kwenye mitihani likishatofautiana na cheti cha kuzaliwa, kazi huanza akifika kuomba kitambulisho cha NIDA au mkopo wa elimu ya juu, kwa sababu vyeti vya waombaji wa mkopo huhakikiwa RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo. Hapo utatakiwa kuapa, au uende kwa wakili akuandalie hati ya kubadili jina ikasajiliwe kwa Msajili wa Hati. Pesa na muda, kwa kosa la siku moja.

Chagueni jina MOJA la mtoto kwenye kisanduku cha kwanza. La pili libaki nyumbani na madrasa, hakuna sheria inayolizuia.

Namna ya kulifanya: tangazo la kizazi mlilopewa mlikojifungulia lihifadhini, na msajili kabla ya siku 90, baada ya hapo gharama hupanda. Kuna mpango wa usajili wa walio chini ya miaka 5, ule ulioanzia Mbeya 2013, ambao usajili hufanyika kwenye vituo vya tiba au ofisi za kata bila malipo. Ulizeni kwanza kwenye kata yenu. Vinginevyo ni ofisi ya RITA ya wilaya, kwa Mkuu wa Wilaya. Nendeni na jina limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi, K-I-Z-A, msilitamke tu. Karani wa Kigoma akisikia matamshi ya Kiha anaweza kuandika Chiza, akitoka mkoa mwingine ataandika Giza, na hilo limetokea kwa watu. Kisomeni cheti palepale dirishani kabla hamjatia sahihi, herufi kwa herufi, pamoja na majina ya wazazi yalingane na vitambulisho vyenu.

La mwisho, Ciza msiandike. Si kosa kisheria, na jina si ushahidi wa uraia wa mtu. Lakini kwa mkoa wa mpakani, tahajia ya Kirundi itamletea maswali ya ziada kila atakapoomba hati, na majibu yake ni vyeti vya baba na babu ambavyo huenda vipo kijijini ndani ya sanduku.

MamaBukuru_Kgm
Nawashukuru sana, hasa bi mkubwa wa Mtang'ata. Mume kasoma uzi wote, kakubali Jamila la akika. Swali dogo: Bukuru na Butoyi vyeti vyao vina jina la baba na la babu. Huyu tumwandikie la ukoo badala ya la babu, lionekane zuri zaidi?

Dirisha_la_Pili
Hapana dada. Fuata vyeti vya mapacha kama vilivyo, jina la baba na la babu, herufi zile zile. Ndugu wa tumbo moja wenye majina tofauti ya mwisho huulizwa maswali kwenye kila fomu ya familia, kuanzia bima ya afya hadi mirathi. Beba nakala ya cheti cha Bukuru siku ya kusajili, karani anakili kutoka humo.

Ipuli_Tbr
Na akizaliwa mwingine baada ya Kiza rudi tena, maana naona wakwe zako wana daftari refu.