Kujitakasa au kutakaswa? Tupeane uzoefu wa tohara katika imani zetu

Mwanzisha mada, Tanga

Assalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na Bwana asifiwe kwa wanaosalimiana hivyo. Nimelelewa Ngamiani, katika nyumba ambayo baba alikuwa Mwislamu na mama Mkatoliki, na neno lililonichanganya tangu utotoni ni tohara. Kwa baba lilikuwa udhu, josho na mkeka usio na najisi. Kwa vijana wa mtaani lilikuwa jando. Na mama kila Novemba aliziombea roho zilizoko toharani, yaani zinazosafishwa kabla ya kuingia mbinguni, jambo lililonifanya niamini kwa miaka kadhaa kwamba babu, mtu mzima na tena marehemu, amepelekwa kutahiriwa upya.

Nimekua, na swali limebadilika. Lugha yetu inatenganisha kujitakasa na kutakaswa: la kwanza mtu hulifanya mwenyewe, la pili hufanyiwa. Naomba kila mmoja aeleze lililomtokea yeye, awe ndiye aliyejitakasa, aliyetakaswa au aliyemtakasa mwenzake. Mahubiri ya kunakili na mabishano ya dini ipi ni bora tuyaweke kando.

Mchangiaji, Mombasa

Mimi ni mwosha maiti, upande wa wanawake, kwa zaidi ya miaka ishirini. Wa kwanza niliyemwosha nikiwa ndiye mkuu wa kazi alikuwa mama mkwe wangu, ambaye kwa miaka sita tulikuwa tukizungumza kupitia watoto tu. Maiti husitiriwa kwa nguo muda wote, tumbo hukamuliwa taratibu, hutawadhishwa kama mtu anayekwenda kusali, kisha huanzwa upande wa kulia. Maji ya awali huchanganywa na majani ya mkunazi yaliyopondwa mpaka yatoe povu, ya mwisho hutiwa kafuri, na idadi ya majosho huwa witiri, matatu, au matano ikihitajika.

Yote hayo niliyafanya kwa mkono uliozoea. Nilipofika kwenye nywele, ambazo hufumuliwa, huoshwa na kusukwa upya mikia mitatu, nikakuta zimesukwa kwa uzi mweusi, mistari iliyonyooka, kama asukavyo mtu anayetarajia mgeni. Nilifumua fundo baada ya fundo, na katika kufumua huko nikajikuta namwomba radhi kimoyomoyo, na mwenzangu aliyekuwa akimimina maji akanyamaza, akaningoja. Methali ya mwosha huoshwa watu huifahamu kuwa ni onyo la kifo. Mimi huikumbuka kwa siku ile, nilipotoka pale nikaenda kuoga, maana aliyeosha maiti husuniwa kuoga, nikiwa sina tena kinyongo nilichoingia nacho.

Mchangiaji, Musoma

Shikamoo mama wa Mombasa. Sisi Waadventista hatuifikii Meza ya Bwana, ambayo kwa kawaida huja mara moja kila robo ya mwaka, bila kwanza kutawadhana miguu, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Ndugu Waislamu wasilishangae neno hilo, kwa sababu ndilo lililomo katika Biblia ya Kiswahili, Yohana 13, Yesu alipoanza kuwatawadha wanafunzi miguu.

Mimi na mzee mmoja wa kanisa tulikuwa na kesi ya mpaka wa shamba. Sabato moja nimejibanza nyuma, akaja na beseni na taulo, akapiga magoti mbele yangu. Soksi yangu ilikuwa imetoboka kwenye kidole gumba, na aibu iliyonishika ilikuwa ya hiyo soksi, wala si ya kesi. Zamu yangu ya kumwosha yeye ilikuwa nyepesi. Kuoshwa ndiko kulikonishinda, hata nikawa narudisha mguu nyuma. Kesi iliendelea na mimi nikashindwa, ila tangu siku ile tulikwenda barazani kwa pikipiki moja.

Mchangiaji, Gulu

Naandika kutoka kaskazini mwa Uganda. Kiswahili changu ni cha Eldoret, mnisamehe. Binamu yangu alitekwa na waasi akiwa mvulana, akarudi mwaka 2004. Kabla hajaingia uani, wazee waliweka njiani yai bichi juu ya kijiti cha mti wa opobo, na pembeni layibi, ule mti wa kufungulia ghala la nafaka. Walieleza kwamba yai ni kitu kisicho na hatia, opobo huteleza kama sabuni, na layibi ni ishara kuwa atakula tena chakula cha nyumba hii. Akakanyaga. Nakumbuka alivyobaki akiutazama unyayo wake wenye ute wa yai bila kuufuta, hadi shangazi akamshika mkono, akamwingiza ndani.

Mchungaji wetu alikasirika, akasema damu ya Yesu haihitaji yai, na Jumapili iliyofuata akamwekea mikono na kumwombea. Sioni haja ya kuamua ni lipi lililofanya kazi. Lakini yai ni la kumpokea mtu nyumbani tu. Kwa mauaji Waacholi, wenyeji wa huku, wanayo mato oput, ambayo hutaka ukweli usemwe na fidia ilipwe kabla ya koo mbili kunywa pamoja dawa chungu ya mizizi, na binamu yangu hajafika huko.

Mchangiaji, Unguja

Nawaona karibu wote mmeshika maji. Neno zaka lenyewe limebeba maana ya kutakasa, na mimi najisi yangu ilikuwa ya daftari. Mwaka mmoja nilipiga hesabu ya duka nikaacha makusudi bidhaa zilizokuwa stoo, ili zaka, ile sehemu moja katika arobaini ya mali, ipungue. Hakuna aliyejua, na Ramadhani nzima usingizi ulinikataa mpaka nilipolipa. Zaka ya Fitri nilimpelekea jirani asiye na kitu, pishi ya mchele. Akaupokea, akaangalia alichonacho, akaona naye sasa ana ziada ya chakula cha siku ya Idi, akapima pishi yake mbele yangu akampelekea bibi wa nyumba ya nyuma.

Mwanzisha mada

Ahsanteni. Nami nilipe deni langu. Baba alipofariki, walioingia kumwosha walikuwa kaka zake na mimi. Mama hakuingia, yeye ndiye aliyechota maji kisimani, ndoo baada ya ndoo, akiziacha mlangoni bila kusema neno. Novemba ile, siku ya Marehemu Wote, niliiona bahasha ya misa aliyoiandika kwa mkono wake. Jina la babu lilikuwa la kwanza, na la baba lilikuwa chini yake. Upande wa baba hawajui hadi leo.