Mafaili ya Sir Ernest Vasey, Waziri wa Fedha wa Kenya na Tanganyika: nianzie wapi?

Msomaji_Dar: Wakuu, nafuatilia utumishi wa Vasey: meya wa Nairobi miaka ya 1940, msimamizi wa fedha wa Kenya 1952 hadi 1959, kisha Waziri wa Fedha wa Tanganyika mpaka 1962 alipompisha Paul Bomani. Kwenye katalogi ya Kew, London (Nyaraka za Taifa za Uingereza), CO 533, mfululizo wa mafaili ya Wizara ya Makoloni (Colonial Office) kuhusu Kenya, unakatika mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mafaili yalichomwa?

Jalada_Nbi: Hapana mkuu, yalihamishiwa kwingine. CO 533, kama CO 691 ya Tanganyika, iliunganishwa na CO 822, mfululizo wa Afrika Mashariki nzima. Vasey wa Nairobi na Vasey wa Dar wote wamo humo. Usitegemee jina lake, kwa sababu mafaili mengi yalipewa majina ya mada. Tafuta bajeti, mkopo au kodi ya mapato kwa Kiingereza, ubane na miaka. Angalia na cheo: kabla ya katiba ya Lyttelton ya 1954, iliyoleta mawaziri Kenya, alikuwa Member (mjumbe msimamizi wa idara), si Minister (waziri). Ukiandika Minister kwa 1953 utatoka mikono mitupu.

Pitia pia FCO 141, mfululizo mwingine wa Kew. Ni mafaili ya makoloni yaliyosafirishwa kimyakimya kwenda Uingereza kabla ya uhuru, Uingereza ikaja kukiri 2011 kwamba inayo.

Karani Mstaafu: Tarehe za vyeo zichukue kwenye Gazeti Rasmi la serikali (la Kenya, huko Kew, ni CO 542), lakini tarehe ya toleo si tarehe ya kushika kazi, soma tangazo lenyewe. Waziri akisafiri hutangazwa kaimu. Orodhesha vipindi hivyo mapema, la sivyo utambandika Vasey maamuzi ya mtu mwingine. Hotuba za bajeti zimo kwenye Hansard (kumbukumbu rasmi za mijadala) ya Baraza la Kutunga Sheria. Hesabu ni za pauni, na pauni moja ni shilingi 20. Wengi huchanganya wakilinganisha na miaka ya baadaye.

Msomaji_Dar: Ahsante sana mzee wangu. Na upande wa Tanganyika?

Upanga_Nyaraka: Nenda Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Sheria ya kufunga mafaili kwa miaka 30 haikubani kwa kipindi hicho. Mtafiti mgeni atahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Kwa Nairobi kibali hutolewa na NACOSTI, tume ya Kenya. Anza na Mpango wa Maendeleo wa 1961/62–1963/64, wa pauni milioni 24, kisha rudi nyuma kwenye mafaili ya Hazina yaliyouzaa.

Ukifungua faili usikimbilie barua. Barua hukaa kulia, zina namba za folio (namba ya kila karatasi). Madokezo, yaani maoni ya maafisa wao kwa wao, hukaa kushoto. Barua iliyotoka imeshalainishwa. Kwenye dokezo ndipo utaona nani alipinga mkopo na kwa hoja gani. Piga picha ya jalada la nje kwanza, halafu madokezo, ndipo folio zinazotajwa humo. Folio ikikosekana, tazama kama kuna karatasi inayoonyesha imehamishiwa faili jipya, uandike namba yake.

Karani Mstaafu: Naongezea: mafaili ya mwanzo yanamwita E. A. Vasey, ya baadaye Sir Ernest. Tafuta yote mawili.