Jina la mwenye nyumba wangu limesomwa kanisani bila yeye kujua. Naombeni ushauri

Fundi Cherehani

Bwana Yesu asifiwe. Na asalaam aleikum kwa wa upande wa pili, maana jambo lenyewe linawagusa pia.

Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa, kwetu Machame. Mwaka wa sita sasa niko huku pwani ya kusini, nashona madera, kanzu na sare za shule. Nimepanga kwa mama mmoja Mwislamu, mjane, rika la mama yangu mzazi. Namwita Bi Mkubwa. Mwanangu ana miaka minne na amelelewa mikononi mwake. Mimi nikienda kwenye cherehani asubuhi yeye anabaki naye, jioni nakuta keshaogeshwa, keshalishwa wali na mchuzi wa samaki. Ramadhani nafuturu kwake. Krismasi anahamia jikoni kwangu kusimamia pilau, kwa madai kwamba watu wa bara hatujui viungo.

Mwaka huu kwenye mtaa wetu (kwa wasio Walutheri: tawi la usharika, si mtaa wa nyumba) nilichaguliwa katibu wa kamati ya misioni na uinjilisti. Tukagawiwa karatasi. Safu ya kwanza jina la mtu unayemshuhudia, safu ya pili amefikia hatua gani. Kila mmoja alete mmoja kabla mwaka haujaisha. Nilikaa na kalamu mpaka saa tano usiku, sina wa kumwandika. Mwisho nikaandika jina la Bi Mkubwa, na kwenye hatua nikaandika "anaendelea". Anaendelea na nini, Mungu ndiye anajua. Sijawahi kumwambia neno hata moja.

Jumapili iliyopita majina yakasomwa mbele kwa kipaza sauti, madirisha wazi, tuwaombee wafunguliwe. La kwake likasomwa lote mpaka la ukoo. Nje alikuwepo kijana wa maandazi anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Halafu kuna lingine ambalo kwa kweli ndilo linaninyima usingizi. Mwezi wa pili mtoto alipandisha homa saa nane usiku. Bi Mkubwa ndiye aliyempigia simu mtu wa bajaji, akambeba mtoto kwenye kanga yake mpaka hospitali. Tuko kwenye benchi tunasubiri majibu ya damu, akaniuliza taratibu, bila shari yoyote: "Hivi nyie mkisema Mungu ana mwana, mnakusudia kamzaa vipi?" Nikamjibu, "Bi Mkubwa, hayo yana wenyewe, nitamuuliza mchungaji." Akasema haya. Hajauliza tena.

Sasa naomba mnisaidie. Miaka sita ya kukaa kimya ni dhambi? Na hili la jina, nimwambie mwenyewe au niombe lisimfikie?

Mwana wa Sayuni

Dada, usizunguke mbuyu. Soma Ezekieli 33, mlinzi asiyepiga tarumbeta damu ya mtu itatakwa mkononi mwake. Yesu alisema enendeni, hakusema kaeni msubiri kuulizwa. Wale wamisionari wa Leipzig, Walutheri wa Ujerumani, waliofika kwenu Machame mwaka 1893 wangesubiri kuulizwa, leo ungekuwa unatambika mgombani. Mama wa watu anazeeka. Mkalishe leo leo umwambie wazi. Aibu ya jina kusomwa ni aibu ya mwili, itapita.

Pweza Mkavu

Hiyo "anaendelea" imeniua. Ndiyo ripoti ya kila kikao nchi hii 😂

Mtu wa Mikindani

Wa upande wa pili nimefika, waaleikum salaam.

Nitakwambia kama mtoto wa mama wa aina hiyohiyo. Kueneza dini si kosa, katiba yetu ibara ya 19 inakuruhusu wewe na inaniruhusu mimi. Sisi tuna daawa, nyie mna uinjilisti, tumeshazoeana. Mama yangu ukimweleza imani yako kwa sababu kakuuliza, atakusikiliza, atakubishia, kisha atakutilia chai. Ila akisikia kwamba jina lake limeandikwa kwenye karatasi, lina hatua, linasomwa kwenye spika, hapo ataanza kurudi nyuma kuhesabu. Ule mkate wa kumimina niliopelekewa Idi ulikuwa mkate au ulikuwa hatua? Siku ile aliyonishonea dera bila kuchukua hela ilikuwa mapenzi au karatasi?

Dada, kinachouma ni hicho. Mwambie kabla kijana wa maandazi hajamwambia.

Fundi Cherehani

Mtu wa Mikindani, nimesoma nikalia. Dera kweli nilimshonea. Lilikuwa mapenzi, wallahi (samahanini Walutheri wenzangu, huku ndivyo tunavyoongea).

Mwinjilisti Mstaafu

Mwanangu fundi, pokea salamu. Nimetumika uinjilisti miaka thelathini na moja, baiskeli tatu nimezichakaza, mitaa minne. Nina maneno kidogo.

Kwanza nikuulize: kipaimara ulifundishwa Katekisimo Ndogo, kile kitabu cha Luther cha maswali na majibu ya imani, sivyo? Uliikariri ukasimama mbele ya wazee ukajibu, ukavaa gauni jeupe, ukala kuku, basi. Wengi wetu ndipo ilipoishia. Sasa ifungue tena, nenda sehemu ya tatu ya Imani ya Mitume, pale Luther anapoeleza habari za Roho Mtakatifu. Anasema yeye mwenyewe kwa akili zake na nguvu zake hawezi kumwamini Yesu wala kumfikia, ila Roho ndiye aliyemwita kwa Injili. Aliyeandika hivyo ni Luther, mwalimu wa walimu! Kama yeye hakuweza kujileta mwenyewe, wewe utamletaje Bi Mkubwa ifikapo Desemba?

Ile safu ya pili ndiyo iliyokosewa. Hatua za moyo wa mtu hazina katibu.

Lakini usipumue haraka. Roho anaita *kwa Injili*, na Injili husemwa kwa mdomo. Paulo kasema imani huja kwa kusikia. Kwa hiyo kupika pilau pamoja miaka sita ni jambo jema sana, ni jirani kumpenda jirani, nalo Mungu analitaka kwa ajili yake lenyewe, si kama chambo. Ila pilau halijamwambia Bi Mkubwa Yesu ni nani. Mimi sikuhesabii kosa miaka ya kimya. Nakuhesabia lile benchi la hospitali. Petro anasema mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, lakini kwa upole na kwa hofu. Mlango ulifunguliwa kwa ndani, na mwenye nyumba, wewe ukasema unakwenda kumwita mchungaji.

Sikukemei. Hata mimi nilishafanya hivyo, tena nikiwa na kola shingoni.

Mwana wa Sayuni

Mzee shikamoo. Lakini hoja yangu ya wamisionari hujaijibu. Nani aliwauliza?

Mwinjilisti Mstaafu

Marahaba. Najibu.

Ni kweli walikwenda bila kuitwa, nami namshukuru Mungu kwa hilo. Ila soma habari yote. Mwaka 1896 wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa kwa mikuki kule Akeri, Meru, hata hawajamaliza siku za kupiga kambi. Wameru walikuwa hawajaisikia Injili ili waikatae. Walichokiona ni Wazungu wanafika sambamba na jeshi la Mjerumani. Habari Njema ikija imeshikana mkono na kitu kingine, watu hujibu kile kitu kingine. Siku hizi hatuna jeshi, tuna spika na karatasi.

Kisha mtazame Bruno Gutmann, mmisionari mwingine wa Leipzig, pale Old Moshi. Alijifunza Kichagga, akakaa na wazee akiuliza sheria zao, ndoa zao, mipaka ya vihamba vyao (mashamba ya migomba ya ukoo), mpaka akaandika vitabu vinene juu ya mambo ambayo vijana wa Kichagga wa leo hawayajui. Alikuwa na mapungufu yake, mengine makubwa, lakini kusikiliza alijua.

Na Wajerumani walipoondolewa baada ya vita ya kwanza, makanisa yalibaki na nani? Na walimu wetu, watu wa darasa chache, waliojua Katekisimo kwa moyo na kumjua kila jirani kwa jina. Kwa jina la kumwamkia, lakini, wala si la kuandika.

Mjukuu wa Rungwe

Nasoma theolojia, mwaka wa tatu, niongezee kidogo kwa mzee. Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani yetu Walutheri, kifungu cha tano, linasema kwa njia ya Neno na sakramenti Mungu hutoa Roho Mtakatifu, naye huleta imani mahali na wakati Mungu anapopenda, kwa wale wanaoisikia Injili. Wakati na mahali si kazi ya kamati. Sisi kazi yetu ni Neno lisikike, tena lisikike vizuri.

Na mwenzetu asione haya kwa kusahau Katekisimo. Luther aliiandika mwaka 1529 baada ya kuzunguka sharika za Saxony akakuta watu wa vijijini hawajui hata Baba Yetu, na wachungaji wengine wako vilevile. Kitabu kizima kimezaliwa na aibu kama yako.

Fundi Cherehani

Asanteni. Mzee, basi nipe na jibu lenyewe. Akiniuliza tena la Mungu kuzaa nitasema nini? Lugha ya jikoni tafadhali, si ya mimbari.

Mwinjilisti Mstaafu

Anza na tusichosema. Mwambie, Bi Mkubwa, hakuna Mkristo anayesema Mungu alioa au alikuwa na mke. Anayesema hivyo tunamkataa pamoja nawe. Hapo atashusha pumzi, maana wengi ndivyo walivyoambiwa kwamba tunaamini.

Halafu mwambie kuzaliwa kwa Mwana hakuna siku. Imani ya Nikea, ungamo la kale la Wakristo, inasema alizaliwa wala hakuumbwa, maana yake hajawahi kutokuwepo, asili yake ni moja na Baba. Tunatumia neno "mwana" kwa kuwa hatuna neno la karibu zaidi. Kisha usikae sana kwenye fumbo, hata maaskofu hutokwa jasho hapo. Nenda kwenye Katekisimo, maelezo ya sehemu ya pili ya Imani ya Mitume: Mungu kweli na mtu kweli, *ni Bwana wangu*, amenikomboa mimi niliyepotea. Sema "mimi". Usiseme "wewe". Hapo unashuhudia, na hakuna atakayekubishia kuhusu habari zako mwenyewe.

Akikataa, kula chakula chake.

Na karatasi ile ipeleke kwa mchungaji wako, umweleze kwa heshima yaliyotokea. Labda hakufikiria habari ya madirisha.

Mwana wa Sayuni

Sijakubali yote, lakini hiyo ya "sema mimi" nimeichukua.

Fundi Cherehani

Nimerudi, wiki mbili baadaye. Niliahidi kwenye ujumbe binafsi kwa wawili watatu kwamba nitaleta mrejesho.

Nilimwambia Ijumaa jioni, anachambua mchele kwenye ungo uani. Nilijiandaa maneno mengi, yote yakapotea, nikasema tu: Bi Mkubwa, nimeandika jina lako kanisani uombewe, likasomwa mbele za watu, sikukuomba ruhusa, nisamehe. Na pale hospitali uliniuliza neno nikakimbia, nisamehe na hilo.

Hakuinua uso. Akaendelea kutoa mawe. Akauliza, "Limesomwa lote? Na la marehemu baba?" Nikasema lote. Kimya. Nikasikia kokoto zinavyodondoka kwenye sinia, moja moja. Kisha akasema, "Mimi kila Ijumaa nakuombea usilimu. Mwaka wa tano huu. Sikukwambia, nilidhani utahama."

Nilicheka nikashindwa kusimama. Yeye alicheka kidogo tu, bado ameudhika kwa ajili ya jina la baba yake, na ana haki. Ameniambia nisirudie, na mkituombea mtuombee kimyakimya, Mungu si kiziwi. Kijana wa maandazi kumbe alishamwambia Jumatatu ileile. Alikuwa ananisubiri mimi.

La Mungu kuzaa nilimjibu palepale kama mzee alivyonielekeza. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema kwamba hakubaliani, ila kuwa hatusemi Mungu ana mke alikuwa hajui, atamwambia mdogo wake. Nikamsimulia na habari zangu, kwa nini nasali, nini kilinitokea mwaka aliofariki mume wangu. Hizo alizisikiliza kwa namna nyingine kabisa. Wali uliungua.

Mchungaji amepokea vizuri kuliko nilivyotegemea. Karatasi zimekusanywa, majina hayasomwi tena, na kamati imeanza kusoma Katekisimo kila Alhamisi. Tupo saba, wawili wanasinzia.

Sasa nimekwama upya. Jana kanishika tena mlangoni, anataka kujua kwa nini tunabatiza mtoto mchanga ambaye hajui lolote, na safari hii sijasema nitamuuliza mchungaji. Nimesema nipe mpaka kesho. Mzee, upo?

Mwinjilisti Mstaafu

Nipo. Chukua kalamu.