Baba ana miaka 78 na bado anaendesha gari: je, tumwombe aiache leseni?

Mwana wa Ujiji

Ndugu zangu, salaam. Naleta jambo ambalo limetugawa nyumbani, nami naomba mawazo ya watu walio nje ya ukoo, kwa sababu sisi wenyewe tumekwisha kufika mahali ambapo kila mmoja anarudia maneno yake ya jana.

Baba yetu ana umri wa miaka 78. Ameendesha malori kwa zaidi ya miaka 30, tangu zama ambazo dereva aliyetoka Kigoma kwenda Tabora wakati wa masika alibeba jembe, minyororo na sufuria, wala hakuthubutu kumwahidi mtu siku ya kufika. Hadi leo anaendesha pikapu yake mwenyewe: alfajiri anakwenda msikitini, mchana anapanda sokoni Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, na mara moja moja anakwenda Simbo kuchukua madumu ya mawese. Hajawahi kumuumiza mtu. Hata hivyo, tangu mwaka jana ameigonga nguzo ya geti letu mara mbili wakati wa kurudi nyuma, na wiki tatu zilizopita, jioni, alipokuwa akiteremka kutoka Mwanga kuelekea stesheni, nusura amgonge mwendesha bodaboda. Anasema kijana yule hakuwa amewasha taa, na huenda ni kweli.

Dada yangu anataka tumnyang'anye ufunguo. Kaka mkubwa anasema kumwondoa dereva kwenye usukani ni sawa na kumvua kanzu mbele ya watu. Leseni yake inakwisha mwakani, na kwa kuwa leseni zetu siku hizi hudumu miaka mitano, akiihuisha atakuwa nayo hadi avuke miaka 80. Je, ni haki kumwomba asiihuishe? Na kama ni haki, mtoto anamwambiaje baba yake neno kama hilo?

Binti wa Katubuka

Pole, kaka. Mimi nitasema bila kuzunguka: mwombeni aiache.

Mjomba wangu alikuwa na miaka 81 alipomgonga mtoto wa shule aliyekuwa akivuka barabara, hatua chache kutoka nyumbani kwake. Mtoto alivunjika mguu, akatibiwa, akapona. Mjomba hakupona. Alikaa barazani miezi mingi bila kutaka kuonana na watu, na kila mara alikuwa akieleza upya jinsi alivyokanyaga breki, ingawa wote waliokuwepo waliliona gari likiongeza mwendo. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba sisi jamaa zake tulikuwa tumeziona dalili muda mrefu kabla ya siku ile, tukazinyamazia kwa jina la heshima, na gharama ya heshima ile akailipa mtoto wa watu ambaye hakuwamo katika vikao vyetu.

Mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akifikisha miaka 60, wala hakuna anayesema kuwa amedhalilishwa. Sioni kwa nini usukani peke yake uwe hauna siku ya kustaafu.

Muuguzi wa Macho

Dada yangu wa Katubuka, nayaheshimu machungu yako, lakini mfano wa kustaafu haukai sawa hapa. Mtumishi wa miaka 60 hastaafu kwa kuwa ameshindwa kazi. Anastaafu ili utaratibu wa ajira uendelee. Swali la kaka ni tofauti: je, mzee huyu anaona, anasikia, anageuka na kuamua kwa wakati? Hilo halijibiwi kwa kuhesabu miaka yake tu. Nimewahudumia watu wa miaka 55 ambao nisingekubali wanipeleke hata Kibirizi, na wa miaka 80 ambao ningepanda gari lao bila wasiwasi.

Nimeisoma habari ya bodaboda mara mbili kwa sababu ya saa na mahali. Barabara ile inateremka kuelekea ziwani, yaani magharibi, na jioni jua huwa limeshuka juu ya milima ya Kongo na kumpiga dereva usoni. Mtu mwenye mtoto wa jicho, hata akiwa katika hatua za mwanzo, anaweza kusoma gazeti vizuri mchana kivulini, lakini mwanga mkali ukimjia mbele hutawanyika ndani ya ile lenzi iliyopata ukungu, na kila kitu kilichoko upande wa jua humpotea. Hamwoni bodaboda, iwe amewasha taa au hakuwasha. Usiku hali huwa hiyo hiyo mbele ya taa za gari linalokuja.

Hata jicho lisilo na ugonjwa hupungukiwa. Mboni huwa ndogo na lenzi hugeuka manjano, kiasi kwamba jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha takriban theluthi moja tu ya mwanga unaopita katika jicho la kijana wa miaka 20. Sasa fikirini safari ya alfajiri. Huku kwetu tuko mwisho wa magharibi mwa nchi, na saa kumi na mbili asubuhi, wakati wenzetu wa Dar es Salaam wanakaribia kuliona jua, sisi bado tuna giza. Kwa hiyo mzee anayekwenda swala ya alfajiri kwa gari anaendesha usiku, hata kama familia inaiita safari ya asubuhi.

Lipo pia lile la nguzo ya geti. Huenda ni shingo tu iliyokakamaa, na vioo vya pembeni vikirekebishwa vizuri vitamsaidia. Lakini huenda ni presha ya macho, ambayo ni hatari zaidi kwa sababu haiumi na huanza kula pembe za uoni huku katikati kukiwa safi. Mgonjwa hujiona mzima hadi akutane na kitu kilichotokea ubavuni. Uoni uliopotea kwa presha ya macho haurudi, ila dawa huweza kuulinda uliobaki. Mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji mfupi. Ndiyo maana ningewasihi msianze na leseni, muanze na macho. Apimwe uoni wa mbali, uoni wa pembeni na presha ya macho, kisha apimwe sukari, na dawa zote anazotumia zikaguliwe, pamoja na zile za mafua na za usingizi zinazonunuliwa dukani bila cheti, kwa maana zipo zinazolegeza akili hadi asubuhi ya pili.

Jambo moja lisisubiri kipimo chochote. Ikiwa ameanza kupotea njia anayoijua, au kuchanganya mafuta na breki, gari liegeshwe leo.

Kijana wa Gungu

Mimi ni mwendesha bodaboda, nami naomba niseme kwa niaba ya tunaogongwa. Wazee hatuwaogopi kwa mwendo, kwa kuwa wanakwenda pole na hawatupiti kwa fujo. Wanaotuua ni vijana wenzetu na madereva wenye haraka. Mzee tunamwogopa anapokata kulia. Anasimama katikati ya barabara, anakutazama kabisa, unadhani amekuona, halafu anaingia mbele yako. Kama baba yenu anaweza kuzipanga safari zake ili akate kushoto mara nyingi na kulia mara chache, basi mtakuwa mmetusaidia kuliko mnavyodhani.

Mwalimu wa Uraia

Kijana amesema neno ambalo watafiti wa nchi nyingi wamelikuta: ajali za wazee hutokea sana kwenye makutano, hasa pale dereva anapolazimika kuukata mkondo wa magari yanayomjia, kwa sababu hapo inambidi apime kasi, umbali na nafasi kwa wakati mmoja.

Naomba niongeze yanayofanyika kwingine. Uingereza, leseni hufikia ukomo mtu anapotimiza miaka 70, kisha huihuisha kila baada ya miaka mitatu kwa kutoa tamko lake mwenyewe kuhusu afya. Mwezi Januari mwaka 2019, Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth II, aliligonga gari lenye wanawake wawili na mtoto mchanga karibu na Sandringham. Alikuwa na miaka 97, na katika barua yake ya kuomba radhi alilitaja jua lililokuwa chini, jambo ambalo wana Kigoma tunalijua vyema. Mwezi uliofuata aliirudisha leseni kwa hiari.

Japani wanakwenda mbali zaidi. Mwenye miaka 75 na kuendelea hupimwa kumbukumbu na utambuzi anapohuisha leseni, na tangu mwaka 2022 wale wenye makosa fulani ya barabarani hutakiwa pia kuendesha mbele ya mpimaji. Mwezi Aprili mwaka 2019, mtaani Ikebukuro, Tokyo, dereva wa miaka 87 alikanyaga mafuta badala ya breki na kumuua mama kijana pamoja na bintiye wa miaka mitatu. Katika mwaka huo leseni zilizorudishwa kwa hiari zilizidi 600,000. Lakini tusichukue nusu ya habari: maeneo mengi ya huko humpa anayerudisha leseni cheti kinachompunguzia nauli ya basi au teksi. Sisi tukimwambia mzee wa Ujiji aache gari, tunampa nini? Daladala ambayo utingo wake anamhimiza apande haraka, au bodaboda ambayo mtu wa miaka 78 akianguka nayo hatoki na michubuko kama kijana? Sina hakika kwamba kumhamisha kutoka kwenye pikapu hadi mgongoni mwa pikipiki ni kumlinda.

Kipimo kimoja cha Waingereza mnaweza kukifanya hata kesho uani kwenu. Dereva wao hutakiwa asome namba ya gari kwa umbali wa mita 20 mchana, akivaa miwani kama anaitumia. Pimeni kwa futi kamba, si kwa macho. Asiyeisoma, mjadala wake umekwisha.

Mzee wa Mwanga

Mwanangu wa Ujiji, mimi nina miaka 74, na neno hili linanihusu pia.

Nimeacha kuendesha usiku miaka minne sasa. Sikuambiwa na watoto. Niliona mwenyewe kwamba gari likija na taa kali, baada ya kupita kwake nabaki kipofu kwa muda ambao zamani sikuujua. Nikaacha, nikawaambia nyumbani kwamba usiku nachoka, kwa kuwa si kila kitu mzee anapaswa kukieleza. Wenzangu wengi hufanya hivyo: wanaacha usiku, kisha wanaacha safari ndefu, kisha wanaacha mvua. Baba yako huenda amekwisha kuanza, nanyi hamjaona kwa sababu mnahesabu alipogonga tu.

Kosa lenu ni kikao. Mzee akiitwa mbele ya wanawe na wakwe zake ajadiliwe kama mtuhumiwa, atatetea gari hata kama moyoni alikuwa tayari kuliacha. Muendee peke yako, mchana. Umwombe akuendeshe mahali fulani, nawe ukae kimya pembeni yake utazame. Je, anakaa katikati ya upande wake? Anachelewa kuiona bajaji iliyosimama? Wenzake wanampigia honi? Kuna mikwaruzo mipya ambayo hakuitaja? Ukiwa na uliyoyaona kwa macho yako, utakuwa na la kumwambia, na yeye kama dereva wa kweli ataisikia lugha hiyo kuliko lugha ya umri.

Ufunguo msiuibe. Mkiuiba atatengeneza mwingine, kisha hatawaambia tena anakokwenda.

Mwana wa Ujiji

Shikamoo, mzee wangu wa Mwanga, na nawashukuru nyote. Nilichelewa kurudi hapa kwa sababu niliamua kwanza nifanye mliyoyasema.

Nilimwomba baba anipeleke Simbo. Mchana anaendesha vizuri kuliko mimi, na mashimo ya barabara ile anayajua kama anavyowajua wajukuu wake. Wakati wa kurudi, jua lilipoanza kutupiga, alipunguza mwendo hadi nikadhani gari limeharibika, kisha akasema polepole, "Hapa huwa nasikiliza zaidi kuliko kutazama." Sikumjibu. Kesho yake alikubali kwenda kupimwa, nami nadhani alikubali kwa sababu sikulitaja neno leseni hata mara moja.

Amekutwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, la kulia likiwa limezidi. Presha ya macho hana. Amepangiwa upasuaji wa jicho moja kwanza. Hadi hapo tumekubaliana kwamba ataendesha kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri tu, na baada ya upasuaji hatagusa usukani mpaka daktari aruhusu. Alfajiri atachukuliwa na jirani anayeswali msikiti huo huo. Dada yangu hajaridhika. Anasema gari lilipaswa kuegeshwa siku nilipoyasikia maneno yale, na kwa kweli sikuwa na hoja nzito ya kumpinga, kwa hiyo safari ya sokoni nayo tumeisimamisha.

Juu ya leseni, baba amesema ataihuisha hata kama hataitumia. Tumemwachia hilo hadi matokeo ya upasuaji yajulikane. Kwa sasa tunatafuta kijana wa kumwendesha siku mbili kwa wiki, mwenye leseni halali na mwenye subira, kwa sababu wa kwanza aliondoka baada ya siku moja akilalamika kwamba mzee hamruhusu kubadilisha gia bila kumtangazia kwanza.