Selimundu: kupima kabla ya ndoa iwe sheria?

Mama Neema: Kila mwaka watoto kama 11,000 wanazaliwa Tanzania na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi (sikoseli). Duniani tuko juu kabisa, pamoja na Nigeria, Kongo na India. Kanisani kipimo cha UKIMWI wanakiuliza, lakini kama una kinasaba kimoja cha selimundu bila kuugua (AS) au huna kabisa (AA), hakuna anayejali. Iwe sheria: bila kipimo hakuna ndoa.

Mlimani: Naunga mkono, ila waanzie Kanda ya Ziwa. Huo ni ugonjwa wa huko, sisi Kilimanjaro hatuna.

Nyanda: "Wa huko"? Kaka, nimemzika mdogo wangu kwa huu ugonjwa, halafu wewe unaugawia mkoa! Sababu ni malaria. Mwenye AS malaria kali haimuui kirahisi, kwa hiyo palipojaa mbu, wenye AS ndio waliobaki wakazaa. Mtafiti Allison aliliandika hilo 1954: Kenya alikuta Wajaluo wengi wana kinasaba hicho, Wakikuyu na Wamasai kidogo sana.

Mlimani: Basi si umenithibitishia? Kwetu baridi, mbu wachache.

Nyanda: Ulisema "hatuna". Mabinti zenu wanaolewa Mwanza, vijana wenu wanaoa Geita. Acha dharau.

Mlimani: Dharau iko wapi hapo? Ukiguswa kidogo unakuja juu.

Binti Kikwajuni: Na sisi wa Pwani mmetufuta kabisa, wakati kinasaba hicho tunacho. Mama Neema, Bahrain walilazimisha kupima mwaka 2004, lakini majibu yakitoka wachumba wanaamua wenyewe. Hawajamkataza mtu kuoa.

Baba Watatu: Shida ni dada zetu kuficha ya kwao. Mtu anajua ukoo wao una wagonjwa, ananyamaza mpaka mtoto anaanza kuvimba vidole.

Mama Neema: Baba Watatu, umenichefua. Mama mkwe wangu aliniita mwenye damu mbaya mbele ya mashemeji. Tulipopima, mume wangu AS na mimi AS. Haiji kwa mama peke yake! Mkiwa hivyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne mtoto awe SS, yaani mgonjwa, hata kama waliotangulia ni wazima.

Baba Watatu: Dada yangu, sikukusema wewe.

Mama Neema: Umetusema wote.

Nesi wa Zamu: Sheria ya ndoa itawapata waliofunga ndoa tu. Wodini nawapokea watoto wa watu ambao hata posa haijapelekwa. Tupime vichanga, tone la damu ya kisigino. Akijulikana mapema anaanzishiwa penisilini, anapata chanjo ya nimonia, na mama anafundishwa kupapasa bandama kama imevimba. Wengi wanaokufa wadogo wanakufa hata jina la ugonjwa halijatajwa.

Nyanda: Hilo ndilo lililomkuta mdogo wangu. Wakawa wanasema karogwa.

Binti Kikwajuni: Sasa akishajulikana, dawa ya kupunguza makali, haidroksiuria, ataipata wapi? Wilayani kwetu unaambiwa ukanunue duka la nje, tena kila mwezi.

Mlimani: Bima hailipi?

Nesi wa Zamu: Wangapi wana bima, mkuu?