Mafunzo ya uongozi kwa wanafunzi Walatino vyuoni Marekani: tubadilishe nini?

Mratibu wa Chuo:
Ndugu wanajukwaa, ninaratibu mafunzo ya uongozi katika chuo kimoja nchini Marekani ambacho zaidi ya robo ya wanafunzi wake ni Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Hata hivyo, wanaojiunga na mafunzo yetu ni wachache, na fomu inapomtaka mwombaji aorodheshe nyadhifa alizowahi kushika, wengi wao huiacha sehemu hiyo wazi. Je, kasoro iko katika namna tunavyowaalika, au katika mafunzo yenyewe?

Mwalimu Mstaafu:
Ndugu Mratibu, anza na hiyo fomu. Binti ambaye tangu utotoni amekuwa mkalimani wa wazazi wake hospitalini na benki, akiamua papo hapo lipi lisemwe kwanza na kwa heshima gani, amekwisha kuongoza, ila hakuna aliyempa cheo. Muulize ni nani wanaomtegemea na kwa mambo gani. Kisha tazama mifano mnayofundishia: Antonia Pantoja, mzaliwa wa Puerto Rico, aliasisi shirika la ASPIRA mjini New York mwaka 1961, ikawalea vijana kiuongozi kupitia vilabu vya shuleni. Ni ajabu kwamba kozi nyingi humpita na kukimbilia wakurugenzi wa makampuni.

Mtafiti wa Elimu:
Namuunga mkono Mwalimu, ila kwa tahadhari. Mwanafunzi wa Texas mwenye asili ya Meksiko, Mkuba wa Miami na Mdominika wa New York hawana historia moja, na wapo wasiozungumza Kihispania kabisa, ambao hunyong'onyea wanapodhaniwa kuwa wanakijua. Kwa hiyo msiishie kwenye ngoma na vyakula. Fundisheni, kwa mfano, mgomo wa wachuma zabibu wa Delano, California, mwaka 1965: walioanza kugoma ni Wafilipino wa chama kimoja cha wafanyakazi wa mashambani, wakiongozwa na Larry Itliong, ndipo chama kingine, cha César Chávez na Dolores Huerta, kikajiunga nao, na mwaka uliofuata vyama hivyo viwili vikaungana. Wanafunzi wajadili kwa nini chama cha Chávez na Huerta hakikubaki pembeni wakati mgomo haukuwa wake. Hapo mtapata somo la uongozi ambalo hotuba za kuhamasisha haziwezi kulitoa.

Mshauri wa Wanafunzi:
Wenzangu hamjagusa ratiba. Wengi wa wanafunzi hawa hufanya kazi na kurudi nyumbani kila siku, hivyo semina ya Ijumaa jioni imekwisha kuwatenga kabla mada haijatajwa. Yafanyeni mafunzo haya kuwa kozi yenye alama, au wapeni posho, na siku ya kwanza waalikeni wazazi, wakiwa na mtu wa kuwaeleza kwa Kihispania ni kwa nini mwanao atachelewa kurudi.