Hivi mtu wa kawaida akiwa na mashine ya kukata netiweki ni kosa?

Mwl wa Banda la Mabati:
Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo ila matusi hapana. Nina tuisheni hapa nyuma ya nyumba, banda tu la mabati na mabenchi, kidato cha pili na cha nne, Hesabu na Fizikia, jioni na Jumamosi asubuhi. Kinachonimaliza ni simu. Nikisema zimeni wanazima skrini tu. Juzi nipo ubaoni nahangaika na kani na mwendo, nageuka hivi naona nusu ya darasa wameinama, kila mtu anachekea mapajani kwake. Ukimnyang'anya mtoto simu mzazi anakuja juu, eti alishindwa kumpata mwanae, eti nani kakupa ruhusa.

Sasa nimeona mtandaoni kuna hii mashine wanaita jama, ina antena nane zimesimama kama masharubu ya kambare, laki moja na themanini, muuzaji anasema ukiwasha tu simu zote ndani ya mita 20 zinabaki za kuangalia saa. Naambiwa hairuhusiwi. Swali langu, kwa nini isiruhusiwe kama mtu anaitumia kwenye eneo lake? Banda langu, umeme nanunua mwenyewe, wanafunzi wamekuja wenyewe. Kwani nikijenga ukuta mrefu naomba kibali cha nani?

Chumvi Nyingi:
Fimbo ya mpera bei gani siku hizi mwalimu?

Mwl wa Banda la Mabati:
Mkuu siku hizi fimbo ni kesi, tena wananirekodi na simu hizo hizo.

Fundi wa Minara:
Mwalimu nakuongelesha kama mtu niliyepanda minara miaka 11. Hizo mita 20 ni maneno ya muuzaji, mawimbi hayana habari na mipaka ya kiwanja chako wala hati yako. Ukuta mrefu unaishia pale ulipoujenga, hii kitu inapenya kwenye mianya ya mabati, inatoka dirishani, inaenda kwa jirani, inavuka mpaka barabarani kwa bodaboda, na itafika wapi inategemea mnara uko mbali kiasi gani.

Iko hivi. Mnara labda uko kilomita moja au mbili, mawimbi yakifika kwenye simu yako ni hafifu sana, ni kama mtu anakunong'oneza kutoka ng'ambo ya uwanja. Jama haifanyi kitu cha ajabu, haizimi simu, inapiga kelele tu kwenye masafa yale yale ya mnara. Ni sawa na mtu anakunong'oneza halafu pembeni yako kuna spika ya mnada wa mitumba. Simu haisikii mnara, inaanza kutafuta mfululizo, inapata moto, chaji inakwisha. Na wewe uliyeiwasha hujui umemkata nani, maana aliyekatwa hawezi kukupigia kukwambia.

Kisheria bongo hapa masafa yana mwenyewe, kurusha mawimbi bila leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ni kosa, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na kifaa chenyewe lazima kiwe kimepitishwa. Hapo hakuna cha banda langu.

Na usidhani ni ushamba wetu. Marekani sheria yao ya 1934 inakataza kuuza na kutumia, hata polisi wa mji hawaruhusiwi kujiwekea, ni vyombo vya serikali kuu tu tena kwa idhini. Kuna jamaa Florida alikuwa amechoka kuona madereva wanaongea na simu barabarani (nia nzuri kabisa kama yako) akaweka jama kwenye gari lake, akawa anaenda nayo kazini na kurudi kila siku kwenye barabara kuu ya kuingia Tampa. Mwaka 2013 kampuni ya simu ikaona mbona minara ya njia ile inapata usumbufu asubuhi na jioni tu. Wakaja watu wa FCC, mamlaka yao ya mawasiliano, na vipimo wakaifuata mpaka kwenye gari, imefichwa nyuma ya kava ya siti ya abiria. Askari walipolisogelea lile gari redio zao zenyewe zikapotea hewani. Faini waliyotaka kumpiga ni dola 48,000. Piga hesabu mwalimu, wewe ndio wa hesabu.

Abuu Swafaa:
Mimi nipo na mwalimu. Msikitini kwetu kuna mzee simu yake inalia taarabu kila Ijumaa watu wapo kwenye sijda, na hajui kuizima, mpaka mjukuu atoke safu ya nyuma. Nimewahi kusoma mwaka 2004 kuna makanisa ya Monterrey kule Mexico yalikuwa na hizi mashine na ibada zikaendelea. Kwa nini tusiwe na utaratibu, mtu anaomba kibali, anapewa ndogo ya ndani tu? Halafu serikali zenyewe mbona zinakata, uchaguzi wa 2020 hapa si wote tulijifunza VPN kwa lazima.

Fundi wa Minara:
Ya uchaguzi ni mada nyingine sheikh, fungua uzi tutakuja. Ila "ndogo ya ndani tu" haipo, labda uvike msikiti mzima chuma, kuta na paa na madirisha. Hiyo ya kujivika chuma haimrukii jirani, gharama yake sasa.

Mkunga Mwenye Vocha:
Nawasoma tu jamani. Mimi ni mkunga, zahanati yetu tangu niajiriwe haina simu ya mezani, gari la wagonjwa naliita kwa simu yangu ya mkononi kwa vocha yangu. Mama akianza kumwaga damu mimi nina dakika za kuhesabu. Ukuta kwa ukuta na sisi kuna nyumba ya ibada na upande wa pili kuna baa. Sasa huyo wa kibali akiwasha yake na huyu wa baa asiyetaka wahudumu wachati akiwasha yake, mimi nipande juu ya mti? Mtasema nakuza mambo ila simu ya tatu usiku wa kuamkia leo imeshika baada ya kutoka nje nikasimama barabarani, na hapo hakuna jama ya mtu yeyote.

Niko Durban:
Huku Sauzi jama ukiongea watu wanakumbuka mambo mawili. La kwanza Februari 2015 bungeni Cape Town, Zuma, rais wa wakati ule, anataka kuhutubia taifa, waandishi wakakuta simu hazishiki humo ndani, wakaanza kuimba rudisheni netiweki mpaka ikarudishwa. Kesi ikaenda, 2016 mahakama ya rufaa ikasema ile haikuwa halali. Yaani hata wakubwa walibanwa.

La pili ndio linatuuma sisi wa chini. Wezi wana vikifaa vya kukata rimoti ya gari. Unashuka sokoni unabonyeza unaondoka zako, kumbe gari halijafunga, ukirudi laptop hakuna, kioo hakijavunjwa, na bima wanakuuliza tuoneshe palipovunjwa. Sasa hivi ukiona mtu Durban anabonyeza rimoti halafu anarudi kuvuta kitasa usimcheke. Mkiruhusu kila mtu awe na jama dukani, polisi atamkamata vipi mwizi nayo? Atasema ni ya tuisheni.

Chumvi Nyingi:
😂😂 Afande hii ni ya tuisheni

Bint Chumbageni:
Kuna baba mmoja Ufaransa, kijiji cha Messanges kule pwani, watoto wake wamekolea mitandao usiku hawalali. Akanunua jama mtandaoni, ikawa inawaka saa sita usiku mpaka saa tisa. Watoto kweli wakalala, ila na kijiji kizima na mji wa jirani wakalala bila simu wala intaneti. Mafundi wa masafa wa serikali wakaja usiku na mitambo yao wakaifuata mpaka nyumba kwa nyumba wakamgongea. 2022 hiyo, kwao adhabu inafika miezi sita jela na faini euro 30,000. Baba wa watu alitaka watoto walale tu.

Ila mwalimu samahani nikuulize. Umeandika antena zimesimama kama masharubu ya kambare. Mbona kama ushaiona kwa macho, siyo kwenye picha?

Fundi wa Minara:
Hata mimi nilishtuka hapo.

Chumvi Nyingi:
Mwalimu ubaoni 👀

Mwl wa Banda la Mabati:
Haya. Ipo. Ilifika Jumatano kwa basi, Jumamosi nikaiwasha saa tatu kamili. Nisiwe muongo, ilikuwa raha. Watoto walihangaika dakika tano hivi wakinyanyua simu juu ya kichwa, baadae wakakata tamaa, swali la mteremko wa inklaini likafanywa na darasa zima, hata yule wa benchi la nyuma aliandika.

Sasa mbele ya nyumba yangu pale kwenye mwembe kuna Mama Sele, wakala, ana mwavuli na kistuli. Kama saa tatu na nusu nasikia kelele, natoka namkuta na mteja wanagombana. Mteja ametoa elfu arobaini, mama anasema meseji sijaiona, mteja anasema mimi pesa imeshakatwa, mama unataka kuniibia, watu wamejaa. Mama wa watu mikono inatetemeka, anatoa laini anaweka nyingine, anapuliza laini, anaweka tena. Akaniona akaniambia mwalimu hebu niazime simu yako, leo mitandao yote imekufa. Nikampa. Nimempa simu ambayo najua haishiki. Ndio nikarudi ndani nikachomoa, sikukaa dakika mbili nasikia meseji zinaingia kwake mfululizo ting ting ting, mteja akalipwa, akaondoka hakuomba hata samahani.

Nilileta mada hapa nikijua mtaniambia ruksa tu tatizo ni mashine yangu kubwa, ningetafuta ndogo.

Mkunga Mwenye Vocha:
Umemwambia Mama Sele?

Mwl wa Banda la Mabati:
Bado.

Fundi wa Minara:
Usimuuzie mtu hiyo kitu mkuu, na asije mtu PM kuiulizia. Fungua, toa ubao wa ndani uvunje, adapta bakia nayo. Simu za watoto chonga sanduku la mbao lenye vyumba, kufuli, kila mtu anaweka yake anapoingia na namba ya Mama Sele wape wazazi kwa dharura, mlipe chochote kwa mwezi.

Mwl wa Banda la Mabati:
Sanduku fundi kaniambia elfu thelathini na tano. Mashine nimeifunga kwenye kiroba ipo juu ya kabati, kesho naitafutia nyundo. Ya Mama Sele ndio sijui naanzia wapi, maana leo kaniletea embe.